"Sista, Niacheni Niende, Mimi Mzima"

Kwenye chumba cha dharura, mgonjwa anayepiga kelele hanitishi sana. Anayepiga kelele anapumua, ana nguvu, na kwa kawaida anajua panapomuuma. Anayenitia wasiwasi ni yule aliyegonga kichwa, akaletwa na wenzake, akakaa kitandani huku miguu inaning'inia na kusema, "Sista, niacheni niende, mimi mzima." Nimefanya uuguzi miaka mingi kwenye hospitali iliyo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu waliorudi kwao salama kwa miguu yao, na nimeyasikia pia kwa watu ambao usiku huohuo tulikuwa tukiwapigania.

Usoni huwezi kuwatofautisha. Tofauti iko kwenye mshipa ulioumia, na kasi ya damu inayotoka humo.

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa jioni na mwenzake wa kijiweni. Alikwepa ng'ombe, akaanguka ubavu. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila mkanda wa kidevuni hakuufunga, kwa hiyo kofia iliruka kabla kichwa hakijafika chini. Aliingia kwa miguu yake. Swali lake la kwanza lilikuwa pikipiki iko wapi, maana ilikuwa ya mkataba na bosi alikuwa anasubiri hesabu. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe wa kiasi na ngozi iliyochubuka. Jina lake, siku, mahali alipo, vyote alivitaja bila kusita.

Nikamgeukia mwenzake, kwa sababu kuna swali ambalo majeruhi mwenyewe hawezi kulijibu vizuri: alizimia? "Alizima kidogo tu, kama dakika mbili, halafu akaamka mwenyewe." PF3 walikuwa hawana. Tulianza na mgonjwa, karatasi ya polisi ikafuata.

Pale juu ya sikio, kuelekea kwenye panja, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani umepitiwa na ateri inayolisha utando mgumu unaofunika ubongo. Mfupa ukipata ufa, ateri hiyo inaweza kuchanika. Damu ya ateri inasukumwa na moyo moja kwa moja, ina presha, hivyo hujipenyeza kati ya mfupa na utando na kuubandua utando kidogo kidogo. Ubongo wenyewe unaweza kuwa haujaumia sana. Ndiyo maana mtu huzimia kwa mtikisiko, akazinduka, akaongea, akacheka, akadai simu yake, huku damu ikiendelea kujikusanya ndani. Nafuu hiyo inaweza kudumu dakika chache au saa kadhaa. Si kila mwenye damu ya namna hii huipata: wapo wasiozinduka tangu mwanzo, na wapo ambao hawakuzimia hata kidogo.

Tulimlaza kitanda kilicho karibu na meza yetu, tukawa tunampima kila nusu saa. Tunatumia kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Unaangalia macho yanafumbukaje, maneno yanatokaje, viungo vinaitikiaje. Mtu aliye macho kamili anapata 15, asiyeitikia chochote anapata 3. Wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi huwa wanaing'ang'ania namba. Mimi nawaambia namba moja peke yake haina mengi ya kusema. Nipe mbili zilizofuatana. Aliyetoka 15 akafika 13 ndani ya saa moja ananikimbiza kuliko aliyekaa kwenye 13 tangu asubuhi.

Dada yake alifika giza likiingia. Kijana akaanza kulalamika kichwa. Akatapika. Akageukia ukutani, akajikunyata. Dada akamvutia shuka, akaniambia taratibu, "Sista, amechoka huyu, tumwache apumzike." Nilimwamsha. Nikamuuliza pikipiki iko wapi, ile aliyoililia tangu ameingia.

"Ipi?" akasema.

Mapigo ya moyo, yaliyokuwa 88 alipofika, sasa yalikuwa 56. Namba ya juu ya presha imepanda kutoka 120 hadi 165. Mtu anayevuja damu tumboni, mapigo hukimbia na presha huporomoka. Kichwani mambo huenda kinyume: nafasi ndani ya fuvu haiongezeki, kwa hiyo damu ikijaa, mwili hupandisha presha kwa nguvu ili ubongo uendelee kupata damu, na moyo hupunguza mwendo. Ukisubiri mpaka upumuaji nao uvurugike, umechelewa. Nilimmulika kwa tochi. Mboni ya jicho la kulia ilijikunja upesi. Ya kushoto, upande uleule wa uvimbe, ilikuwa kubwa zaidi na ilijikunja kwa uvivu.

Kuanzia hapo kazi huenda kwa mwendo mwingine. Oksijeni. Kichwa cha kitanda kuinuliwa kiasi cha nyuzi 30, shingo imenyooka ndani ya kola ili damu ya kichwani ishuke bila kizuizi. Dripu ya chumvi, siyo ya sukari. Presha isiachwe ishuke, maana ubongo uliobanwa hauvumilii presha ndogo hata kwa muda mfupi. Daktari wa zamu akawa kwenye simu na bingwa wa upasuaji wa ubongo, akaagiza manitoli ya kupunguza shinikizo wakati gari la wagonjwa linaandaliwa. Kwa kuwa saa 3 zilikuwa hazijatimia tangu aanguke, alipata pia asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, kisha nyingine ya kwenda taratibu kwa saa 8. Dawa hii huzuia bonge linaloziba mshipa lisiyeyuke mapema. Utafiti mkubwa uitwao CRASH-3, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionesha kuwa ikitolewa mapema inapunguza vifo kwa wenye majeraha ya kichwa mepesi na ya wastani. Kwa walioumia vibaya sana haikuonesha faida hiyo.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Bado nakutana na barua za rufaa zinazoonesha mgonjwa amepigwa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, "ili kupunguza uvimbe wa ubongo". Utafiti wa kwanza wa CRASH, wa mwaka 2004, ulijaribu dawa ya kundi hilo kwa watu zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, na waliopewa dawa walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Kwa uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo dawa hizi zina kazi yake. Kwa ajali hazina, na ni muda mrefu tangu hilo lijulikane.

Kijana alifika Dar es Salaam akiwa anafungua macho kwa kuminywa tu. CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ilionesha damu yenye umbo la lenzi, imesukuma ubongo kuelekea upande wa pili. Walikata dirisha kwenye mfupa, wakatoa damu, wakaukausha mshipa uliokuwa unavuja, wakarudisha mfupa mahali pake. Muuguzi mwenzangu wa huko aliniambia kwenye simu kwamba bonge lilikuwa kama kipande cha ini. Siku chache baadaye kijana alikuwa ameketi, anakula mwenyewe. Alikatazwa kuendesha kwa miezi kadhaa kwa sababu baada ya jeraha kama hilo mtu anaweza kupata kifafa, na bosi wa pikipiki hakulipokea hilo kwa uungwana. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anakaanga chipsi karibu na stendi. Kumbukumbu ya siku ile hana kabisa. Anaamini alipelekwa moja kwa moja Dar.

Msifikiri haya ni ya watu wa bodaboda peke yao. Mwigizaji Natasha Richardson aliteleza tarehe 16 Machi 2009 akiwa kwenye somo la wanaoanza kuteleza juu ya theluji, huko Mont Tremblant, Kanada. Aliinuka, akatania, gari la wagonjwa lililofika likaambiwa lirudi. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Alifariki New York tarehe 18, na uchunguzi ukaonesha damu ileile ya kati ya mfupa na utando. Pesa ilikuwepo, hospitali zilikuwepo. Kilichopotea ni zile saa za mwanzo, alipokuwa anaonekana mzima.

Kwetu saa hizo mara nyingi huliwa na pombe. Mtu ananuka gongo, amelala fofofo, basi waliomleta wanasema amelewa tu, akilala itamtoka. Inaweza kuwa kweli. Lakini mlevi ndiye anayeanguka kuliko wengine, na mnywaji wa miaka mingi ini lake huwa limechoka, damu haigandi vizuri. Msimamo wangu ni kwamba mlevi aliyeanguka ana jeraha la kichwa mpaka ithibitike kuwa hana. Pombe hupungua kadiri saa zinavyokwenda na mtu huzidi kuchangamka. Anayezidi kuzama si pombe. Na kabla ya yote tunampima sukari, kwa sababu sukari ikishuka nayo humlaza mtu hivyohivyo.

Ninapomruhusu mtu kurudi nyumbani, simpi yeye maelekezo. Nampa atakayelala chumba kimoja naye. Kulala anaruhusiwa, hiyo imani ya kwamba asilale kabisa inawachosha watu bure, ila usiku ule wa kwanza aamshwe mara kwa mara na aulizwe kitu kinachohitaji kufikiri. Usimuulize jina lake, jina mtu hulijibu hata usingizini. Muulize mbuzi mlimuuzia nani, au kodi mmelipa mpaka mwezi gani. Akikasirika na kukujibu sawasawa, mshukuru Mungu. Akitapika tena na tena, akilalamika kichwa kinachozidi, akitetemeka kama mwenye kifafa, akitokwa na majimaji maangavu kama maji puani au sikioni, akidhoofu mkono au mguu, mrudisheni bila kungoja kupambazuke. Kwa maumivu ni panadol tu. Diklofenaki na asprini hapana, maana huidhoofisha damu isigande, hadi kichwa kipigwe picha.

Mshipa wa pili niliujua vizuri nyumbani kwetu. Mama mkubwa yuko Muheza, na mimi nampigia simu Jumapili. Kuna Jumapili aliniuliza mara tatu kama watoto wamefunga shule. Dada, mwanaye mkubwa anayekaa naye, akasema ni uzee, mama sasa anazeeka. Nikauliza tangu lini. Tangu kama wiki tatu hivi. Uzee hauji kwa wiki tatu, nikamwambia, hebu nieleze yote.

Ikatoka polepole. Mama analala mchana, jambo ambalo hajawahi. Asubuhi anaamka na kichwa. Chai ameitia chumvi. Siku nyingine yuko vizuri kabisa, mpaka watu wanaona aibu kwamba walikuwa wanamsema. Na ndala yake ya kulia inamtoka. Anafika jikoni na ndala moja, nyingine imebaki uani. Shangazi mmoja alikwisha sema hapa pana mkono wa mtu, na mtaalamu wa kuliangalia hilo alikuwa ameshatajwa. Sikubishana na shangazi. Iliyonishtua ni ile ndala.

Nikauliza kama alianguka. Hapana, hajaanguka. Nikauliza tena, alijigonga popote? Kimya, halafu dada akakumbuka kwamba kabla ya Ramadhani mama aliinama kukusanya mayai, akainuka ghafla na kujigonga kwenye boriti ya banda la kuku. Alikaa chini kidogo, akajisugua, akaendelea na shughuli zake. Nani angeita hiyo ajali?

Nilimwambia dada anipigie kwa video. Nikasema, mwambie mama akae, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, kisha uhesabu mpaka kumi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Watoto wamefunga shule?"

Akanyoosha mikono. Dada alipofika sita, mkono wa kulia ukaanza kushuka wenyewe, kiganja kikijigeuza kuangalia chini. Mama hakujua. Alidhani mikono yote iko sawa.

Ubongo wa mtu mzima hupungua kidogo kadiri miaka inavyokwenda, lakini fuvu linabaki na ukubwa wake. Vena ndogo, yaani mishipa inayorudisha damu, zinazotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando hubaki zimevutika, na pigo dogo tu linaweza kuchana mojawapo. Damu ya vena haina haraka. Inajikusanya chini ya utando, inayeyuka, kisha mwili unaizungushia ngozi laini yenye mishipa midogo ambayo nayo huvuja. Hivyo uvimbe unakua kwa wiki, wakati kila mtu ameshasahau boriti. Na mama mkubwa alikuwa anakunywa asprini kila siku kwa ajili ya moyo. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wako kwenye hatari kubwa zaidi. Huyo akigonga kichwa, hata akiwa anacheka, mimi napendekeza apigwe picha.

Kumtoa Muheza kulichukua mjadala ambao sitauandika. CT-Scan ilionesha damu yenye umbo la hilali upande wa kushoto, imefunika ubongo kutoka mbele hadi nyuma. Daktari alitoboa matundu mawili kwenye fuvu, damu nyembamba nyeusi ikatoka, akasafisha kwa maji ya chumvi na kuacha mpira wa kuchuja. Asprini ilisimamishwa, na kuirudisha kukaachwa mikononi mwa daktari wa moyo na wa ubongo pamoja. Siku ya pili mama alikuwa anamgombeza dada kwa kuwaacha kuku bila maji. Shangazi alisema dawa ya mtaalamu ilianza kufanya kazi kutokea mbali.

Kwa baadhi ya wagonjwa damu hii hurudi, ndiyo sababu ya kuitwa tena kliniki na kupigwa picha ya pili. Siku hizi kuna njia nyingine: kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye ateri ya utando na kuiziba, ili ile ngozi laini ikose chakula. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2024 zilionesha kwamba kuongeza hatua hiyo kunapunguza kurudi kwa damu. Inanishangaza kidogo kwamba ni ateri ileile iliyomtosa yule kijana kwa saa chache. Huku inazibwa ili wazee wasirudi chumba cha upasuaji.

Aina ya tatu ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu picha ya ubongo inaweza kuja safi. Mama mmoja, mwalimu, alikuwa kwenye Noah iliyogonga mti. Mkanda ulimwokoa na kumwachia mchubuko mrefu shingoni upande wa kulia. CT-Scan ya kichwa haikuwa na tatizo, akaruhusiwa. Baada ya siku kadhaa akaja akilalamika maumivu ya shingo yanayopanda mpaka nyuma ya jicho, na mumewe akasema, "Mbona hili jicho kama linasinzia?" Kope la kulia lilikuwa limeshuka kidogo. Tukapunguza mwanga chumbani: mboni ya kulia ilikuwa ndogo kuliko ya kushoto. Kwa yule kijana mboni iliyoumia ilikuwa kubwa. Huyu ilikuwa ndogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi asubuhi hiyo, kisha ukarudi.

Ateri kubwa ya shingo ina kuta za tabaka. Shingo ikivutwa kwa nguvu, tabaka la ndani linaweza kuchanika, damu ikaingia katikati ya kuta na kuupunguza mshipa upana. Palipochanika damu huganda, vipande hukatika na kupanda ubongoni, na mtu anapata kiharusi siku au wiki baada ya ajali. Mishipa ya neva inayoendesha mboni na kope hupita palepale kwenye ukuta wa ateri, ndiyo maana jicho hutoa taarifa mapema. Alipigwa picha ya mishipa kwa dawa maalumu ya kuonesha damu inapopita, ufa ukaonekana. Matibabu yake? Asprini.

Jeraha hili lina ndugu yake wa jicho ambaye nimemwona mara chache: ateri hiyohiyo inachanika ndani zaidi, nyuma ya jicho, na kumwagia damu kwenye vena. Jicho linavimba, linakuwa jekundu, linadunda, na mgonjwa anasikia mvumo kichwani unaofuatana na moyo. Watu hulitibu kama jicho la kawaida, matone juu ya matone. Hilo linahitaji hospitali kubwa, linazibwa kwa ndani kupitia mrija.

Turudi kwa mwalimu. Aliandikiwa asprini ya kila siku kwa miezi kadhaa, kisha picha nyingine. Alipokuja kliniki nilihesabu vidonge vyake, tabia yangu ya siku zote, nikakuta pakiti ni nzima. Mumewe akajibu kabla ya mkewe: siku ya ajali alielekezwa kwamba aliyeumia kichwa asipewe asprini, tena aliyemwelekeza ni mimi. Alikuwa amezificha juu ya kabati. Alikuwa sahihi kwa siku ile. Nilimchorea ateri kwenye mgongo wa kadi ya kliniki, kuta mbili na damu katikati, nikamwonesha kwamba kichwani hakuna kinachovuja, kinachotishia ni kuganda. Akaichukua kadi, akaitazama, akauliza kama kidonge kinamezwa kabla ya chakula au baada. Baada ya chakula, nikamwambia, na tarehe ya kurudi nimeiandika juu ya mchoro.